Unatoka Noah unaenda Passo au Vitz? Fungua buti kwanza uangalie spea taya

Wakuu, naona watu wengi hapa Dodoma sasaivi wanauza Noah, Voxy, Ipsum na Wish wanashuka kwenye Passo, Vitz au IST, na sababu zake zinaeleweka kabisa. Watoto wamekua, wako bweni au chuo, gari la siti nane linatoka Nkuhungu asubuhi mpaka Mtumba limebeba mtu mmoja na begi la laptop, na bei ya mafuta kila mtu anaijua. Alafu zile safari za Dar ambazo ndo zilikuwa zinafanya tung'ang'anie gari kubwa, tangu SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 familia nyingi zinapanda treni na gari linabaki nyumbani. Kwahiyo kushuka ni uamuzi mzuri na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, ila kuna kitu watu wanakiruka wakati wa kununua hiyo gari ndogo alafu wanakuja kukikumbuka wako porini jua la saa saba, nacho ni spea taya.

Noah nyingi zina spea kamili chini ya gari kwa nyuma, mtu anakaa nayo miaka hata haifikirii. Sasa gari ndogo za Japani haziko hivyo. Nyingine zinakuja na kitairi chembamba cha muda, nyingine hazina tairi kabisa, kuna chupa ya dawa ya kuziba pancha na kipampu kidogo cha umeme, na nyingine hazina chochote maana aliyekuwa nayo kabla yako aliitoa akaiuza. Dalali hatakwambia. Atakufungulia mlango, atakuwashia AC, atakuonyesha redio, buti atalifungua sekunde mbili akalifunga. Wewe ndo unatakiwa uinue lile zulia na ule ubao wa chini uangalie kilichopo.

Na kwa Dodoma hili jambo ni zito kuliko mtu wa Dar anavyoweza kulichukulia. Huku kuna miba ya migunga, ukiingia tu njia za vumbi za Nala, Veyula au Mkonze unakutana nayo, inazama kwenye mpira inakatikia humo humo, upepo unatoka taratibu siku mbili tatu unashangaa tairi iko chini. Mji mzima unajengwa, misumari na vipande vya nondo vimezagaa kila mtaa mpya kuanzia Iyumbu mpaka Nzuguni. Jua nalo linakausha mpira, tairi inapata nyufa hata kama haijatembea sana. Alafu ukitoka nje ya mji, iwe ni Bahi kuelekea Manyoni, iwe ni njia ya Mtera kwenda Iringa au ya Chemba kwenda Kondoa, kuna vipande virefu ambavyo humuoni fundi pancha wala kivuli. Hapo chupa ya dawa haikusaidii kama tairi imechanika ubavuni.

Kabla sijaingia kwenye spea yenyewe niseme kidogo kuhusu hesabu ya kushuka, maana kuna watu hawafai kushuka na ni vizuri wajue mapema. Kama kila mwisho wa mwezi unaenda Kibaigwa kuchukua gunia za mahindi, au una wazee unawapeleka kijijini Mpwapwa na mizigo yao, basi gari ndogo utaiua. Wajapani wanapopiga hesabu ya uzito kwenye gari za abiria wanahesabu mtu mmoja kilo 55, kwahiyo gari ya watu watano imehesabiwa kilo 275 hivi juu ya uzito wake yenyewe. Watu wazima wanne wa kwetu wenye kilo sabini na tano kila mmoja tayari ni kilo 300, hujaweka hata begi. Gunia moja la kilo 100 kwenye Passo ni mzigo mkubwa sana kwa springi, kwa shokapu na kwa tairi zenyewe. Chini nako kuko chini, Vitz na wenzake wanacheza kwenye sentimita 14 au 15 toka ardhini, kwahiyo kama mtaa wako una makorongo, yale ambayo mvua za Januari zinachimba, pita nayo kwanza hiyo gari unayotaka kununua ukiwa umepakia watu, usipite peke yako. Lakini kama maisha yako ni kazini, sokoni, kanisani au msikitini, shule, na mara moja moja Morogoro au Singida, gari ndogo inatosha sana, na utofauti wa mafuta utauona mwezi wa kwanza tu.

Haya sasa, spea.

Ukifika kuangalia gari, kabla hata ya kuiwasha, nenda buti. Toa zulia, inua ubao. Ukikuta tairi, angalia ni ya aina gani. Tairi kamili inafanana na zile nne zilizoko chini, namba za ubavuni ni zilezile. Ya muda ni nyembamba, na namba zake zinaanza na herufi T, ubavuni au kwenye rimu imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Usiicheke hiyo ya muda, ni bora kuliko kukosa, lakini ujue imetengenezwa ikutoe ulipo ikufikishe kwa fundi basi. Huwezi kutoka nayo Dodoma kwenda Dar, kilomita 450 hivi, ukategemea ikufikishe salama.

Na hapa kuna kitu mafundi wengi wa mtaani wanakosea, naomba ukikariri. Hii tairi nyembamba haijazwi upepo wa psi 30 au 32 kama zingine. Inataka kPa 420, ambayo ni kama psi 60 (vyote ni vipimo vya upepo). Soma ubavuni kwake, imeandikwa. Ukimwachia kijana wa upepo ajaze kwa mazoea atakuwekea 32, utaiona kama iko sawa, ila ukiikalishia gari inalala, inapata moto, na inaweza kukuachia njiani. Mwambie mwenyewe, "mdogo wangu hii weka sitini," akikataa mwonyeshe maandishi.

Ukikuta chupa ya dawa badala ya tairi, geuza chupa utafute tarehe. Hizi dawa zinaisha muda baada ya miaka michache, na gari nyingi zinazofika huku ni za miaka kumi na zaidi, sasa fikiria hiyo chupa ina umri gani. Hata ikiwa nzima kazi yake ni tundu dogo la msumari kwenye sehemu ya kukanyagia, kama milimita 4 hivi kushuka chini. Ubavu ukichanika au rimu ikikunjwa na shimo, hamna dawa. Dalali akikwambia "kaka hii ni ya kisasa haihitaji spea," mjibu kwa upole tu kwamba sawa, basi tutoe kwenye bei hela ya rimu, tairi, jeki na wili spana. Hapo ndo pa kubanana kwelikweli, maana spea ni sehemu ya gari kama mlango ulivyo sehemu ya gari. Nenda maduka mawili matatu ya tairi siku moja kabla, uliza bei ya tairi ya saizi ile na rimu ya chuma ya mtumba, uende na namba mkononi. Muuzaji akiona unajua unachokiongelea anapunguza.

Kuhusu ile spea ya gari yako kubwa, kuna watu wanaitoa kwenye Noah kabla ya kuiuza wakiamini wataihamishia kwenye gari ndogo. Haiingii. Noah ile yenye namba ya modeli AZR60 rimu yake ni ya nati tano, na ule mduara wa nati una kipenyo cha milimita 114.3. Vitz, Passo na IST ya kwanza ni nati nne kwa milimita 100. Wish ni nati tano lakini kwa 100, kwahiyo hata Noah na Wish hazipeani. Prado ndo kabisa, nati sita. Na hata ndani ya jina moja kuna mtego: IST ya zamani ni nati nne, IST iliyofuata ni nati tano kwa 100, kwahiyo mtu akikwambia "nina rimu ya IST" muulize ya ipi. Muuzie mnunuzi wa Noah gari lake likiwa na spea yake, jeki yake na ule mkono wa kushushia tairi, utapata bei nzuri zaidi na utakuwa umemtendea haki.

Na ukiwa kwenye kuuza, maliza makaratasi. Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kadi ya gari, TIN za wote wawili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kweli, usiishie kumpa mtu kadi na funguo. Namba ikiendelea kusoma jina lako, faini za trafiki zitaendelea kusoma jina lako. Na wewe unaponunua, angalia hiyo gari ndogo kama inadaiwa faini kabla hujatoa hela. Basi, hayo ya makaratasi yanatosha, turudi kwenye tairi.

Kama gari uliyoipenda haina spea kamili, tafuta rimu moja ya chuma ya saizi ile. Simaanishi rimu ya sport, ya chuma ni bei nafuu, ikipigwa na shimo inakunjika lakini haipasuki, na fundi anaweza kuinyoosha. Vitu vya kulinganisha ni hivi: idadi ya nati na ule mduara wake, tundu la katikati, na saizi ya tairi. Watu wengi wanaishia kwenye idadi ya nati tu. Mfano, Vitz, Honda Fit na Nissan March zote ni nne kwa 100, ukiziangalia kwa macho unasema zinapeana. Ila tundu la katikati la rimu ya Toyota ndogo ni milimita 54.1, Fit ni 56.1, March ni 60.1. Ukichukua rimu ya Vitz kuipeleka kwenye March haipiti, inagota kwenye habu, ile sehemu ya gari ambayo rimu inafungwa. Ukifanya kinyume, rimu ya March kwenye Vitz, inapita ila inalegea katikati, inabebwa na nati peke yake na ukifika spidi usukani unaanza kutetemeka. Kwa dharura ya kilomita chache inavumilika, kama spea ya kudumu nisingekushauri.

Nati nazo zisichanganywe. Toyota, Honda na Mazda uzi wao ni 12 kwa 1.5 (yani bolti ya milimita 12, na uzi hadi uzi milimita 1.5), Suzuki na Nissan ni 12 kwa 1.25. Ukilazimisha nati ya Suzuki kwenye Toyota inaingia kidogo alafu inakula uzi wa bolti, na hapo umeshatengeneza tatizo kubwa kuliko pancha. Ikikaza mapema kabla haijafika mwisho, simama, itoe.

Saizi ya tairi, ushauri wangu ni moja tu: nunua ileile iliyoko kwenye gari. Kama chini kuna 165/70R14 basi spea iwe 165/70R14. Ikishindikana kabisa piga hesabu ya urefu wa tairi, sio ngumu. Chukua upana wa tairi, 165, zidisha kwa 0.70 unapata kimo cha ubavu 115.5, mara mbili ni 231, ongeza rimu ya inchi 14 ambayo ni milimita 355.6, jumla 586.6. Sasa linganisha na ile uliyoipata, tuseme ni 155/80R13, ambayo ukipiga hivyohivyo inatoka 578.2. Tofauti ni milimita 8 na kitu, kama asilimia moja na nusu, hiyo inakubalika. Lakini 185/65R15 inatoka 621.5, hiyo ni ndefu zaidi kwa asilimia sita, gari itakaa upande, na inaweza kusugua kwenye mdomo wa madigadi ukikata kona. Mimi nikizidi asilimia tatu naachana nayo. Na ukishuka inchi, yani rimu ya 13 kwenye gari yenye 14, hakikisha haigusi kaliperi (kile chuma kinachobana pedi) ya breki za mbele, maana nyingine zinagusa.

Tairi yenyewe, mpya au mtumba? Kwa spea watu wananunua mtumba, sawa, hela haitoshi kila kitu, ila soma umri. Ubavuni kuna neno DOT alafu mwishoni namba nne. 2308 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2008. Haijalishi kashata zake (yale meno ya kukanyagia) ni ndefu kiasi gani na imepakwa dawa inang'aa kiasi gani, mpira wa mwaka 2008 umeshakufa. Watengenezaji wengi wanasema tairi isizidi miaka kumi hata kama haijatumika, na kwa jua la huku mimi nikiona imepita miaka sita nakuwa na wasiwasi nayo. Hili linahusu hata ile spea ambayo umeikuta kwenye gari mpyampya haijawahi kugusa lami: mara nyingi ni ya tangu gari inatoka kiwandani Japani, kwahiyo ina umri wa gari. Ikunje kwa mkono karibu na rimu, ukiona vinyufa vyembamba kama udongo wa mbuga ulivyokauka, hiyo sio spea. Kwa mtumba pia mwambie muuzaji uipapase kwa ndani kabla haijafungwa kwenye rimu, utafute viraka, hasa karibu na ubavu. Kiraka cha ubavuni kataa.

Ukishaipata, usiitupie kwenye buti ukaondoka. Ifunge kwenye gari palepale. Mwambie fundi afungue tairi ya mbele aweke spea, aizungushe kwa mkono muone kama inayumba au inagusa breki, alafu nyuma hivyohivyo, kwa kutumia nati za gari lako lenyewe. Hii ni muhimu kwa gari zilizowekwa rimu za sport za dukani, maana nati zake saa nyingine ni nyembamba au zina umbo jingine na hazikai vizuri kwenye rimu ya chuma. Ikiwa hivyo nunua seti ya nati nne za kawaida za chuma uziweke pamoja na spea kwenye kifuko. Na kama moja ya nati za gari ina umbo la ajabu ambalo spana haishiki, hiyo ni nati ya kufuli, ina ufunguo wake, mdai muuzaji huo ufunguo kabla hujalipa. Watu wamelala barabarani na spea nzima kwa kukosa ufunguo mdogo hivi.

Sasa kukaa kwenye buti. Kwenye gari nyingi ndogo lile shimo la spea limetengenezwa kwa tairi nyembamba, ukiweka kamili inachomoza sentimita kadhaa na ubao hauketi sawa. Kuna watu kwa sababu hiyo wanaacha spea nyumbani, stoo. Usifanye hivyo. Kata povu au vipande vya mbao vya unene uleule uvipange kuzunguka, ubao ukae juu ya tairi uwe tambarare, unapoteza kidogo kimo cha buti lakini ndoo ya maji na mfuko wa sokoni vinaingia bado. Ile bolti ya katikati inayoshikilia tairi inaweza isifike, fundi wa kuchomea atakutengenezea ndefu zaidi yenye uzi uleule. Cha msingi tairi isicheze. Tairi na rimu yake ni kilo kumi na kitu, gari ndogo haina umbali mrefu kati ya buti na vichwa vya watoto waliokaa siti ya nyuma, ukigonga kitu au ukifunga breki kali ile tairi isiyofungwa inakuja mbele na hakuna cha kuizuia zaidi ya mgongo wa siti.

Vifaa: jeki ya gari hiyohiyo, na wili spana ya msalaba ile yenye midomo minne, maana nati za Toyota na Nissan ni za spana 21 wakati za Honda na Suzuki ni 19, ya msalaba inashika zote na inampa nguvu hata mtu ambaye hana misuli. Kipande cha ubao kigumu cha kuweka chini ya jeki, huku mabega ya barabara ni mchanga, jeki inazama badala ya gari kupanda. Tochi, glavu za mtumba, geji ndogo ya kupimia upepo, na vile vipembetatu vya kuakisi ambavyo trafiki nao wanaviulizia. Kama mama au binti ndo ataendesha gari muda mwingi, kaeni siku moja uani mfanye zoezi lote mwanzo mpaka mwisho, yeye ndo ashike spana, wewe angalia tu. Nati zilizokazwa na mashine ya upepo saa nyingine hata mwanaume wa shoka hazifungui, kwahiyo siku hiyohiyo zilegezeni zikazwe upya kwa mkono.

Siku ya pancha yenyewe, toka kabisa barabarani hata kama rimu itaumia kidogo, rimu inanunulika. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hii barabara ya kati usiku na mchana na hayakuoni mpaka yamefika. Washa hazadi, abiria wote washuke wakae mbali na lami, pembetatu iende nyuma hatua nyingi za kutosha, ukiwa kwenye kona au mlima iweke kabla ya kona. Handibreki juu, gia P, jiwe kwenye tairi ya upande mwingine. Legeza nati kidogo gari ikiwa bado chini, ndo uinue, jeki ikae pale kwenye alama mbili ndogo za chuma chini ya mlango, sio popote tu, ukikosea unatoboa bodi. Usiingize mguu wala mkono chini ya gari iliyo kwenye jeki, ile tairi iliyotoka isukumie chini ya gari ilale hapo, jeki ikiteleza gari itaangukia tairi. Funga nati kwa kuvukana, hii alafu ile ya upande wa pili, shusha, kaza tena kwa nguvu. Ukishatembea kilomita hamsini au mia hivi simama uzikaze tena. Na kama uliweka mawe na matawi barabarani kuonya wengine, yatoe yote, tafadhali sana, yameua waendesha pikipiki wengi.

Kama spea yako ni ile nyembamba na tairi iliyotoboka ni ya mbele, fanya kazi mara mbili: hamisha tairi nzima ya nyuma ije mbele, nyembamba iende nyuma. Hizi gari ndogo nyingi zinavutwa na tairi za mbele na usukani uko mbele na breki kubwa ziko mbele, ukiweka kijitairi hapo gari inavuta upande na difu (ile inayogawa mzunguko kwa tairi mbili za mbele) inafanya kazi isiyo yake muda wote. Inachosha, jua linawaka, ila fanya.

Ukifika mjini kaone fundi siku hiyohiyo. Tundu la msumari katikati ya tairi linazibika vizuri, na kiraka cha ndani ni bora kuliko kile kijiti cha mpira kinachochomekwa toka nje, japo kijiti nacho kinakutoa. Tundu la ubavuni lisizibwe kwa ajili ya safari ndefu. Alafu hakikisha spea inarudi kwenye buti ikiwa na upepo wake, maana hapa ndo inapopotelea: mtu anatumia spea, anaweka ile yenye pancha kwenye buti, anasema kesho, na hiyo kesho inakuwa miezi mitatu.

Upepo pima asubuhi kabla gari haijatembea na kabla jua halijapanda. Kibandiko cha kiwango kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa kPa, 220 ni kama psi 32, 240 ni kama 35. Spea kamili mimi naiweka juu kidogo ya hapo, maana inapungua yenyewe taratibu ikiwa imelala, na kupunguza upepo porini ni rahisi kuliko kuutafuta. Kila ukimwaga oili, mwambie fundi ainue ubao wa buti apime na ya tano. Kama ni saizi moja na zingine na ina rimu nzuri, iingize kwenye mzunguko kila unapobadilisha tairi za mbele na nyuma, zitaisha kwa pamoja, na siku ya kununua utanunua kwa pamoja.